Kivuli Kilichohama Bila Kibali

Kivuli cha Mnara wa Saa kilihama bila kibali. Hilo ndilo lililokuwa tatizo, na Baraza la Jiji lilitangaza kwa vipaza sauti kwamba halitalifumbia macho hata kidogo.

Tangazo lilisomwa na Kaimu. Pale ofisini hakuwa na jina jingine. Alikuwa Kaimu Mkuu wa Kitengo cha Vivuli na Maeneo ya Ubaridi, na alikuwa amekaimu muda mrefu hata mwanawe wa mwisho, alipoulizwa shuleni jina la baba, alijibu "Kaimu" bila kusita, na mwalimu akaliandika. Kaimu alitaka kuthibitishwa kuliko alivyotaka mshahara. Barua ya kumthibitisha ilikuwa imeshachapwa. Ilikaa kwenye droo ya Meya, ikisubiri sahihi tu. Aliwahi kuiona kwa macho yake siku droo ilipoachwa wazi, na kila alipomuuliza Meya ataisaini lini, Meya alimjibu kwa upole, "Hilo lina taratibu zake."

Mnara wenyewe ulikuwa mnene, wa mawe, umesimama katikati ya uwanja tangu enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Picha yake ilikuwa kwenye barua za Baraza, kwenye mihuri, na nyuma ya maharusi wa nusu ya mji. Juu ulikuwa na nyuso nne za saa, na zote nne zilikufa zamani, kila moja kwa wakati wake. Hakuna aliyejali. Watu walisoma kivuli.

Asubuhi kivuli kililala upande wa uwanjani, na humo ndimo walimokaa wachuuzi. Jua likipanda, kivuli kilijikunja, nao wakajikunja nacho, wakisogeza vigoda vyao huku wanaendelea kupiga soga. Mchana walibanana ukutani. Alasiri kivuli kilihamia upande wa pili, kikavuka barabara, kikapanda ngazi za jengo la Baraza. Wachuuzi waliishia barabarani, maana ng'ambo ya pili kulikuwa na askari. Kivuli chenyewe kiliendelea. Kikigusa ngazi, wafanyakazi wa Baraza walifunga majalada wakaenda nyumbani. Baada ya hapo kiliingia dirishani kwa Meya, ambaye ofisi yake ilikuwa mlango wa kwanza chini, kwa sababu hapendi kupanda ngazi. Kila alasiri ofisi ilipoa, na Meya aliamini ni kazi ya feni.

Utaratibu huo ulikuwa mbovu, kwa sababu haukuandikwa mahali popote.

"Wageni wa miji rafiki wanakuja kuutazama mnara wetu," Meya alimwambia Kaimu. "Sitaki wakute watu wanahamahama kama kuku wanaofukuzwa. Kila mtu awe na mahali pake. Ukilifanikisha hili, lile jambo lako tutaliangalia."

Kaimu alitoka pale anaelea. Kesho yake asubuhi alifika uwanjani na mpima ardhi, utepe na ndoo ya rangi nyeupe. Walikizungushia kivuli mstari. Wakakigawa nafasi kumi na mbili na kuziandika namba kama uso wa saa, kwa kuheshimu historia. Kila mchuuzi akapewa kibali chenye picha. Namba tatu ilikwenda kwa Kipara, kinyozi asiye na unywele hata mmoja. Namba sita ilikwenda kwa Shangazi.

Huyu alikuwa shangazi wa Kaimu hasa, wa kuzaliwa tumbo moja na baba yake, aliyemlea na kumsomesha kwa cherehani iliyokaa pale pale chini ya mnara. Kaimu alipokuwa mtoto alimwita kwa sauti kutoka ng'ambo ya uwanja, na uwanja mzima ukalizoea jina. Hata watu waliomzidi umri walimwita Shangazi.

Kazi ilikamilika kabla ya chai. Kaimu alipiga picha, akaenda kunywa chai. Aliporudi, kivuli kilikuwa kimeshatoka nje ya mstari, na Askari wa Baraza alikuwa ameanza kazi.

Askari alikuwa mtu mwaminifu. Aliambiwa mwenye kibali akae ndani ya kivuli na ndani ya mstari, na yeye aliyashika yote mawili.

"Shangazi, toka hapo."

"Nitoke niende wapi? Namba sita hii hapa, nimeikalia."

"Kibali chako ni cha kivuli. Hapo ulipo ni juani. Una kibali cha jua?"

"Jua nalo lina kibali?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Kipara alikuwa ameshasogeza kiti chake na kioo mpaka kulikopoa. "Mimi nipo kivulini, afande. Raha mustarehe."

"Wewe upo nje ya mstari."

"Sasa nikae wapi? Nining'inie?"

Askari akautazama mstari. Akakitazama kivuli. Ndani ya vyote viwili kwa pamoja hapakuwa hata na mahali pa kuweka kikombe. "Kaa panapostahili," alisema, akachukua kiti cha Kipara, vigoda vya wengine, na cherehani ya Shangazi. Vyote vikapelekwa kwenye ofisi ya Kaimu kama vielelezo.

Baraza liliitisha kikao cha dharura. Mhandisi alieleza kwamba chanzo cha tatizo ni jua, na kama jua lingesimama mahali pamoja, kivuli nacho kingetulia. Mwanasheria alimkatiza. "Jua ni la serikali kuu. Sisi tumekabidhiwa kivuli tu. Tukigusa jua tutakuwa tumeingilia madaraka."

Afisa Utumishi ndiye aliyekuja na hoja nzito. Mnara ni mali ya Baraza, alisema, na umesimama kwenye kituo chake cha kazi miaka yote. Kwa hiyo unafuata taratibu za utumishi kama mtu mwingine yeyote. Kikao kikakubali. Mnara ukaandikiwa barua ya kujieleza kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu kwa kuruhusu kivuli chake kuzurura saa za kazi. Barua ilibandikwa kwenye mlango wake wa chini, ikapigwa mhuri wenye picha ya mnara huo huo. Mnara haukujibu. Afisa Utumishi aliufungulia jalada akaandika neno moja: "Jeuri."

Shangazi hakusubiri majibu ya mnara. Aliingia ofisini kwa Kaimu bila kubisha hodi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Cherehani yangu iko wapi?"

"Imeshikiliwa."

"Naiona. Umeiwekea birika juu."

Kaimu aliliondoa birika haraka. "Shangazi, nielewe. Wageni wanakuja. Nikichemka safari hii, nitakaimu mpaka kaburini."

"Na mimi nisiposhona? Nitakaimu kula?"

"Ni suala la muda tu."

"Nguo za watu ziko kwangu. Kuna mtu anaoa kwa koti ambalo mkono mmoja uko kwangu na mwingine hauko popote. Ni muda gani huo?"

"Hilo lina taratibu zake," alisema Kaimu, na papo hapo akatamani lisingemtoka.

Shangazi alimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akakomea katikati. "Hiyo suruali uliyovaa, pindo nimelishona mimi. Kwa cherehani hiyo hiyo. Ivue, nayo ishikiliwe."

"Shangazi!"

"Ivue. Sheria ni sheria."

Alipoondoka, Kaimu alikaa na suruali yake, akiitazama cherehani. Kuirudisha bila sheria alikuwa hawezi; Mwanasheria angemla nyama. Kuiacha pale nako alikuwa hawezi. Mkewe alikuwa ameshapata habari, na nyumbani chakula kilikuwa kimeanza kuchelewa. Njia ilikuwa moja, abadilishe sheria. Na kwa kuwa hakuna mtu pale Barazani aliyewahi kutunga sheria mpya akiwa na ya zamani ya kunakili, Kaimu alichukua sheria ndogo ya magari ya Baraza, akafuta neno "gari" kila lilipokuwa, akaweka "Mnara."

Ikatoka hivi: mwenye kibali atakifuata kivuli cha Mnara pamoja na vipuri vyake vyote, popote vitakapokuwa, wala hatazuiwa, na asiye na kibali akikutwa ndani yake ataondolewa, na kiti chake kitashikiliwa.

Mwanasheria aliisoma akasema inasikika kama sheria. Meya aliisoma mara mbili, akaona imepungukiwa uzito. Alichukua kalamu yake mwenyewe akaongeza baada ya "wala hatazuiwa" maneno haya: "na mtu yeyote, wa cheo chochote, bila kujali hadhi yake." Aliyarudia kwa sauti, akayapenda. Akaagiza iwekwe kwenye fremu na kutundikwa nyuma ya kiti chake, wageni waione.

Vielelezo vikarudishwa. Shangazi aliifuta cherehani alama ya birika, akakaa kivulini. Kivuli kiliposogea naye akasogea, huku anafuatwa na Askari aliyehakikisha kwamba anasogea kisheria. Yaani kila kitu kilirudi kama kilivyokuwa, ila sasa kulikuwa na kitengo.

Wageni walifika. Walikuwa watu watano wenye beji shingoni, wakiongozwa na bwana mmoja mrefu mwenye suti. Walizungushwa kwenye mnara, wakaonyeshwa nyuso nne za saa na wakaelezwa kwamba zimesimamishwa ili zihifadhiwe. Walionyeshwa mistari myeupe uwanjani, mitupu, inachomwa na jua, wakaelezwa kwamba hiyo ni awamu ya kwanza. Alasiri Meya akawakaribisha ofisini kwake. Kaimu alisimama karibu na mlango, ameshika faili lisilo na kitu ndani, akiitazama droo.

Nje, kivuli kilivuka barabara.

Wachuuzi walifika ukingoni wakasimama kwa mazoea. Askari naye alisimama, upande wa pili, mkono umeinuliwa kuwazuia. Halafu akaikumbuka sheria. Akaushusha mkono.

"Mbona mmesimama?" aliwauliza. "Kivuli kiko huku. Kifuateni."

"Huko ni Barazani, afande," alisema Kipara.

"Popote vitakapokuwa, imeandikwa. Mnataka nivunje sheria?"

Meya alikuwa ameanza kueleza historia ya mnara alipoona ofisi inapoa. Alitabasamu, akainua mkono kuionyesha feni. Ndipo mlango ukafunguliwa, na Shangazi akaingia na cherehani kichwani. Nyuma yake alikuja Kipara na kiti na kioo, nyuma ya Kipara fundi viatu, mama wa vitabu vya mitumba, muuza miwani, na wengine mpaka kumi na wawili wakatimia. Walitazama sakafuni kivuli kimelala wapi, wakajipanga kwa namba zao, bila kugombana.

"Hamjambo humu?" alisema Shangazi. "Samahani, baba, sogeza mguu kidogo. Hapo ni sita."

Meya alifungua mdomo. Alimwona mkuu wa wageni anaisoma ile fremu ukutani, kidole kikifuata maneno "wa cheo chochote." Akaufunga.

"Sijawahi kuona kitu kama hiki!" alisema mkuu wa wageni. "Kwetu tunasema tu kwamba wananchi ndio wenye jengo. Ninyi mmewaleta!"

"Tuliona ni vizuri," alisema Meya kwa tabu.

"Baba, pindo lako limefumuka," Shangazi alimwambia mkuu wa wageni. "Mguu wa kushoto. Uweke hapa, dakika moja tu."

Mguu ukawekwa. Cherehani ikalia. Wageni wakapiga makofi. Wawili wakapanga foleni kwa Kipara, na nywele zao zikaanza kudondoka kwenye zulia la Meya. Kaimu, pale mlangoni, alihisi kwamba hii ndiyo siku yake. Angalau hakuna kilichokuwa kimeharibika.

Kisha Askari aliingia, akakagua vibali kimoja kimoja, akafika kwenye meza kubwa. Akapiga saluti.

"Mheshimiwa, una kibali?"

"Kibali cha nini?"

"Hicho kiti kiko kivulini, Mheshimiwa. Kimeingia chote."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua, Mheshimiwa. Ndiyo maana nimepiga saluti." Akanyoosha kidole kwenye fremu. "Lakini imeandikwa bila kujali hadhi. Na mwandiko ni wako."

Wageni wakangoja. Meya alimtazama Kaimu, Kaimu akalitazama faili. Mwisho Meya aliinuka taratibu, akatabasamu kama mtu anayeng'olewa jino kwa hiari, akasimama kwenye kona ambayo jua lilikuwa bado linapiga. Askari akakibeba kiti. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Mkuu wa wageni alifuta machozi, akaahidi kuwaleta watu wa miji yote waje kujifunza, na akaomba nakala ya fremu.

Hivyo sheria ikawa haifutiki tena. Miji ilikuwa inakuja kuitazama.

Kila alasiri wale kumi na wawili waliingia, na kila alasiri Meya alisimama kwenye kona. Alivumilia mpaka miguu ikamvimba. Siku hiyo alimwita Kaimu.

"Kata."

"Sheria, Mheshimiwa?"

"Mnara. Ukate ufupike, kivuli kisifike hapa. Ukimaliza, njoo na kalamu yako."

Kaimu alilitoa tangazo kwa vipaza sauti: Baraza linaendesha zoezi la muda la kupunguza kimo cha Mnara ili kuulinda. Watu walikusanyika uwanjani. Walitazama tu, kama watu wanaomwangalia jirani akihamishwa. Kreni ilishika nusu ya juu, yenye nyuso zote nne, ikaiinua, ikayumba nayo, kamba ikaanza kukatika uzi mmoja mmoja. Dereva aliutua mzigo mahali pa kwanza palipokuwa wazi. Mahali hapo palikuwa maegesho ya Meya, mbele ya mlango wa Baraza. Kamba ikakatika. Kilichotua kilikuwa kikubwa kama nyumba, na hakuna kilichoweza kukiinua tena.

Kisiki kilichobaki uwanjani kilitoa kivuli cha kumficha mbuzi. Shangazi alikitazama, akaitazama nusu nyingine kule ng'ambo, akatoa kibali chake, ambacho sasa kilikuwa na ile sheria nyuma, na kukisoma polepole, mdomo unatembea. "Pamoja na vipuri vyake vyote," alisema. Akaipandisha cherehani kichwani. Wote kumi na wawili wakahamia mlangoni kwa Baraza, kwenye kivuli cha saa iliyokatwa, na Askari akawapisha kwa saluti.

Alasiri ile jua liliingia ofisini kwa Meya lote kwa mara ya kwanza. Halikukuta mnara njiani, na kile kipande kilichoanguka kilikinga mlango, si dirisha lake. Lilipiga meza, likapiga kiti, likapiga ile fremu mpaka kioo kikapasuka. Meya aliwasha feni namba ya mwisho. Feni ikamletea joto. Alibadilisha feni mara mbili, akatukana kiwanda, akavua koti, akavua tai, na hatimaye akatoka nje na shati limemganda mgongoni, barua mkononi.

Alimkuta Kaimu amechuchumaa pembeni ya Shangazi, anakagua nafasi.

"Nipe namba sita," Meya alisema kwa sauti ya chini. "Huyu mama mtafutie pengine. Barua yako hii hapa. Kalamu hii hapa. Natia sahihi sasa hivi, juu ya hicho kicherehani chake."

Kaimu aliitazama barua. Jina lake lilikuwamo, na mbele ya jina hapakuwa na lile neno. Shangazi hakuinua macho. Alikuwa anaunga mkono wa pili wa koti la bwana harusi, akizungusha gurudumu la cherehani kwa mwendo ule ule uliomlaza Kaimu usingizi alipokuwa mtoto mdogo.

Kaimu aliisukuma kalamu pembeni. "Nafasi zimejaa, Mheshimiwa."

"Zimejaa?"

"Zote kumi na mbili. Naweza kukupa ukaimu."

"Ukaimu wa nini?"

"Wa kivuli. Mwenye nafasi akiinuka, unakaa. Akirudi, unapisha. Leo Kipara atakwenda kununua sabuni."

Meya alipangusa jasho. Alikitazama kiti cha Kipara kama mtu anayetazama karamu dirishani. "Na nitathibitishwa lini?"

"Hilo," alisema Kaimu, "lina taratibu zake."

Shangazi akacheka mpaka uzi ukakatika.

Kipara alipokwenda kununua sabuni, Meya alikaa. Kipara aliporudi, Meya aliinuka. Askari aliandika muda.

Gharama za zoezi lile ni hizi. Mnara wa Saa, nusu ya juu. Nyuso za saa nne, mbili zimepasuka. Kamba ya kreni, moja. Maegesho ya Meya, yote. Saa ya kutoka kazini, ambayo haijulikani tena, kwa kuwa hakuna kivuli kinachogusa ngazi kwa wakati wake, na wafanyakazi wengine wa Baraza bado wamo ndani wakisubiri. Na barua ya kumthibitisha Kaimu, moja, haina sahihi. Meya aliitumia kujipepea mpaka ikachanika.